Damu Haikuwa ya Misumari

Umewahi kumtamani mtu ambaye mnakula naye meza moja? Simaanishi aliyesafiri. Namaanisha yule ambaye viatu vyake viko mlangoni, shati lake liko kwenye kamba, na kikohozi chake unakisikia uani. Yupo, lakini humpati. Basi kaa nikueleze habari za Mama Mapacha, maana ndivyo alivyoishi karibu mwaka mzima.

Mama Mapacha ni msusi. Anafanyia kazi barazani kwake, penye benchi moja, kioo chenye ufa pembeni na ndoo ya maji ya moto. Mumewe ni fundi wa makochi. Karakana yake iko mtaa wa pili, upande wenye kivuli. Kule kazini hawamwiti Baba Mapacha. Wanamwita Misumari. Fundi wa makochi huvuta kitambaa kwa mkono mmoja, na nyundo iko mkono wa pili. Sasa misumari ataishika na nini? Huitia mdomoni, ile midogo yenye vichwa bapa, ishirini kwa mara moja. Kisha huitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Baba Mapacha aliweza hata kuongea nayo mdomoni. Wenzake walisema siku akinyamaza, akimbizwe hospitali, amemeza mmoja.

Na kuongea aliongea. Makochi ya zamani yana mambo ndani yake. Ukifungua kiti unakuta vifungo, hereni moja, barua iliyokunjwa mara nane, hata meno ya bandia. Jioni alikuja na habari hizo nyumbani. Alikaa bega kwa bega na mkewe, akamsimulia sikioni ili watoto wasisikie yasiyowahusu. Mama Mapacha alicheka mpaka akashika mbavu. Huo ndio uliokuwa utamu wa nyumba yao.

Kisha utamu ule ukaanza kupungua, kidogo kidogo, kama mafuta kwenye taa. Baba Mapacha akawa anaongea huku ameziba mdomo kwa mkono. Kila asubuhi foronya yake ilikuwa na matone mawili matatu, rangi ya kutu. Mkewe alipouliza, alijibiwa kwamba ni misumari, imemchoma ufizi. Jibu lilikuwa na akili. Na kweli, fundi aliacha kutia misumari mdomoni. Alijifungia kopo kiunoni akawa anaitoa humo. Kazi ikaenda polepole, na wenzake wakambadilishia jina, wakamwita Kopo. Hakucheka.

Jambo lingine alilifanya bila kumwambia mtu. Upande uliotoka damu aliacha kuupiga mswaki. Alijiambia kidonda hakisuguliwi, kinaachwa kipone.

Mama Mapacha naye alikuwa na siri yake. Alijua kwamba mdomo wa mumewe unanuka. Lakini mtu mzima utamwambiaje jambo kama hilo? Aliona haya. Akatafuta njia ya upole. Kila asubuhi alimtilia pipi tatu za mnanaa kwenye mfuko wa shati, asiseme neno. Baba Mapacha alizikuta, akazila, naye asiseme neno. Ila jioni ya siku ya kwanza ya pipi, alihamia kiti cha karibu na mlango. Alisema anataka hewa.

Tangu hapo maneno yake yakawa matatu: ndiyo, hapana, na nimeshiba.

Mama Mapacha alianza kujichunguza mwenyewe. Pengine amechakaa machoni pa mumewe. Alijisuka mtindo mpya, kazi ya saa nne, mikono ikamuuma mpaka mabegani. Mumewe akasema amependeza, akiwa anaangalia mlango. Pengine basi kuna mwanamke mwingine. Mawazo hayo yalimla. Akaanza kupanga moyoni kwamba shule zikifungwa atawachukua watoto aende kwa dada yake. Atasema ni wiki moja. Kurudi kungejulikana hukohuko.

Wale mapacha ni wasichana wa miaka sita. Meno yao ya utoto yalikuwa yanalegea, na walishindana la nani linacheza zaidi. Jumapili moja mchana baba yao alisinzia kwenye mkeka, mdomo wazi. Mmoja akapeleka kidole.

"Mama," akasema, "la baba linacheza kuliko langu."

Baba Mapacha akaamka. Akavaa viatu, akaenda karakana, siku ya mapumziko, karakana imefungwa.

Sasa, miongoni mwa wateja wa Mama Mapacha alikuwepo daktari wa meno wa zahanati ya jirani. Huja kila Jumamosi ya pili, anapenda mistari myembamba. Jumamosi iliyofuata alikaa chini kwenye mkeka, kichwa kimeinama katikati ya magoti ya msusi. Mama Mapacha akaona hapo ndipo pa kuuliza, kwa sababu macho hayakutani. Akasema ana mteja mmoja, mume wa mteja huyo anatoka damu kwenye fizi, mdomo una harufu, na jino moja linacheza.

Daktari aliuliza kama mtu huyo anavuta sigara, au ana ugonjwa wa kisukari, kwa sababu hivyo viwili huzidisha hali. Mama Mapacha akasema hapana, hana. Daktari akageuza shingo kidogo.

"Huyo mume wa mteja wako," akasema, "si fundi wa makochi kweli?"

Mama Mapacha akavuta nywele mpaka daktari akafumba macho.

"Dada, usinivue kichwa. Hakuna aibu hapa. Kila siku nawaona watu wa namna hiyo."

Akamweleza taratibu. Alisema ndani ya mdomo wa kila mtu mna bakteria, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Bakteria hao hujishikiza kwenye meno, wakafanya utando laini unaonata. Ndio huo tunaouita ukoga. Pitisha ulimi kwenye meno asubuhi kabla ya mswaki, utausikia. Wanakula mabaki ya chakula, na sukari wanaipenda zaidi.

"Hata pipi za mnanaa?" Mama Mapacha akauliza.

"Zenye sukari? Hizo kwao ni karamu. Zinaficha harufu kwa dakika kumi, na wao wanazidi kushiba."

Mama Mapacha akasuka mistari miwili, akihesabu moyoni pipi alizokwisha kumtilia mumewe mfukoni.

Daktari akaendelea. Ukoga hupenda kukaa pale jino linapoingia kwenye ufizi. Usipoondolewa, bakteria hutoa sumu, na ufizi hukasirika. Huvimba, huwa mwekundu, na hutoka damu ukiguswa kidogo tu. Hapo bado ni mapema, na ukisafisha vizuri ufizi hupona kabisa. Ukiachwa siku kadhaa, ukoga huanza kuwa mgumu kama jiwe, na mswaki hauuwezi tena. Juu ya jiwe hilo hujishika ukoga mwingine. Ufizi huachana na jino, pakawa na kimfuko. Bakteria huingia humo ndani. Mwili hupigana nao, na katika vita hivyo mfupa unaoshika jino huliwa polepole. Ndiyo maana jino linacheza.

"Na mbaya zaidi," akasema, "mara nyingi haumi. Mtu anangoja maumivu, na maumivu hayaji mpaka jino limekwisha kulegea."

"Yeye anasema ni misumari."

"Misumari aliacha lini?"

"Mwezi wa nne huu."

"Sasa muulize. Misumari imetoka mdomoni miezi minne, kwa nini damu haijakoma?"

Kesho yake asubuhi Mama Mapacha aliwapeleka watoto kuchezea kwa jirani. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya kile kiti cha karibu na mlango.

"Baba Mapacha, kuna neno nilitakiwa nikwambie zamani. Mdomo wako unanuka. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kumekuumiza."

Baba Mapacha alitazama nje.

"Nilijua," akasema. "Zile pipi zilisema."

Mkewe akamuuliza swali la daktari. Baba Mapacha akajibu kwamba kidonda cha msumari kina sumu ya kutu, huchelewa. Mkewe akauliza basi mbona damu inatoka juu na chini, hata pahali ambapo msumari haujawahi kufika? Ndipo Baba Mapacha alipokiri kuwa upande mmoja hajaugusa na mswaki tangu damu ianze.

Mama Mapacha hakumcheka. Alifikiri namna ya kumfahamisha, akaona amwambie kwa kazi yake.

"Wewe ukifungua kochi la mtu, uchafu unaukuta wapi?"

"Kwenye mfereji. Pale kikalio kinapokutana na mkono wa kochi."

"Mwenye kochi hafagii?"

"Anafagia juu. Makombo yanaingia mferejini, mende wanazaliana humo, wanakula mpaka mbao zinaoza. Yeye anaona kitambaa kinang'aa tu."

Akapitisha ulimi kwenye meno yake, polepole, yote.

"Kwa hiyo nimefuga mende mdomoni," akasema.

"Wadogo kuliko mende."

"Lakini wengi."

Nusura wacheke. Mkewe akamweleza aliyoyasikia kwa daktari, kwamba ukoga ukiachwa hugeuka jiwe. Halafu Baba Mapacha akasema kama ni jiwe tu, ana sindano yake ya makochi, atalikwangua mwenyewe. Mkewe akamwambia daktari amekataza kwa mdomo mpana. Chuma cha karakana kitamkata ufizi na kuingiza wadudu wengine. Jiwe la ukoga linaondolewa zahanati.

Walikwenda pamoja Jumanne. Daktari aliingiza kijiti chembamba chenye alama kati ya jino na ufizi, akawa anamtajia muuguzi kina cha kila kimfuko. Kisha akakwangua. Vipande vya rangi ya kahawia vikadondoka kwenye kitambaa, vigumu kama magamba ya konokono. Baba Mapacha akaomba avione. Alivishika kwenye kiganja kama anavyoshika kitu alichokitoa ndani ya kochi, akavigeuzageuza. Alirudi mara mbili zaidi, wakasafisha ndani ya vimfuko, chini ya ufizi. Lile jino lililolegea sana halikuokolewa, likang'olewa. Daktari hakumficha. Alimwambia mfupa uliokwisha kuliwa haujirudishi wenyewe. Kinachowezekana ni kuuzuia usiliwe zaidi, na kazi hiyo ni ya nyumbani, kila siku.

Akamfundisha. Mswaki uwe laini. Uulaze kwa mshazari, manyoya yake yaguse pale jino linapokutana na ufizi, uusogeze kidogo kidogo bila kutumia nguvu. Dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Katikati ya meno apitishe uzi wa meno au kibrashi chake, kwa sababu mswaki haufiki huko. Mama Mapacha akauliza kama uzi wa kusukia unafaa, anao rundo zima. Daktari akacheka, akasema huo uishie kichwani.

"Na damu ikitoka?" Baba Mapacha akauliza.

"Usikimbie. Damu inakuonyesha bakteria walipo. Safisha hapohapo, kwa upole. Kila siku itapungua. Isipopungua baada ya wiki mbili, nione."

Siku za kwanza maji ya kusukutua yalitoka mekundu, na Baba Mapacha alitaka kuacha. Hakuacha. Siku ya tano yakawa ya waridi. Siku ya kumi na moja yakatoka meupe. Fizi zikashikamana, zikaacha kung'aa kwa uvimbe. Harufu ikaondoka. Foronya zikakaa safi. Mapacha nao wakapewa miswaki midogo, na kila jioni wao na baba yao walisimama uani wakihesabu dakika mbili kwa sauti, povu mdomoni.

Kule kazini Baba Mapacha alianza kuongea tena. Mkono haukupanda tena mdomoni. Mama Mapacha, akiwa barazani kwake, upepo ukigeuka, alikisikia kicheko cha mumewe kikitoka mtaa wa pili.

Lakini jioni Baba Mapacha alirudi akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

Ugonjwa ulikwisha, mazoea yakabaki. Yeye alifikiri mkewe bado anaikumbuka harufu, hatamani kusogelewa. Mkewe alifikiri kama sababu ilikuwa mdomo tu, si angesogea sasa? Kila mmoja alikaa upande wake akimngoja mwenzake. Wiki tatu zikapita hivyo. Shule zikawa zinakaribia kufungwa, na dada yake Mama Mapacha, aliyekwisha kudokezwa safari, akatuma kuuliza waje siku gani. Mama Mapacha hakujua ajibu nini. Begi la safari lilikuwa juu ya kabati, naye kila akipita hulitazama.

Ikafika Alhamisi moja, saa sita mchana. Mama Mapacha alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Kicheko kile kikaja tena na upepo, kirefu, cha mtu anayesimulia jambo tamu kwa watu wengine. Mikono yake ikasimama. Akamwambia mteja amsubiri kidogo. Mteja akauliza ataachwaje, nusu amesukwa, nusu amesimama nywele? Mama Mapacha alikuwa ameshavaa kandambili.

Karakanani alimkuta mumewe amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa kitambaa. Fundi mwenzake, yule anayepaka vanishi, ndiye aliyemwona kwanza.

"Shemeji, kwema? Umekuja mbio, kuna moto?"

Akasema kwema. Baba Mapacha akainuka, akauliza kama watoto wameumia. Akasema watoto wako shuleni, wazima. Akauliza kama kuna mgeni nyumbani. Akasema hakuna.

"Sasa nini, mke wangu?"

Mama Mapacha aliona brashi ya vanishi imesimama hewani, na mafundi wote wamegeuka. Kama angengoja waondoke, asingesema tena.

"Nina hamu na wewe," akasema. "Mwaka mzima nina hamu na wewe, na wewe uko ndani ya nyumba yangu. Leo ukirudi, nataka uje ukae karibu na mimi."