Sweta Iliyokuwa Chini ya Sanduku

Mahindi yalikuwa yamevunwa Mautuma. Kila asubuhi Navalayo alikama ng'ombe wake, akapeleka maziwa barabarani, kisha akaanika mahindi uani. Akikama, aliomba. Aliegemeza kichwa ubavuni mwa ng'ombe huku midomo yake ikicheza polepole. Ng'ombe walikuwa wamezoea.

Uhuru wa Kenya ulikuwa umetimiza mwaka mmoja. Watu waliomba mvua, waliomba shule. Navalayo aliomba jambo moja tu: "Ee Bwana, kilinde kifua cha Joash."

Joash alikuwa mwanawe wa kwanza. Utotoni kichomi kilimpata mara mbili. Mara ya pili Navalayo alimbeba mgongoni mpaka hospitali, akimsikia njia nzima akikoroma kama chungu kinachochemka. Mungu alimponya. Sasa alikuwa kijana mrefu, amemaliza masomo ya kilimo Bukura, na amechaguliwa kwenda Denmark, huko Ulaya, kusomea ng'ombe wa maziwa. Angeondoka Januari kwa ndege.

Majirani wakaleta zawadi. Kwao msafiri haondoki mikono mitupu, na ukiikataa zawadi umemkataa aliyeitoa. Mama Khisa alileta njugu. Mzee Masinde alileta kigoda alichokichonga mwenyewe. Wengine walileta unga wa wimbi, asali na blanketi. Navalayo naye alikausha ingokho mzima juu ya moshi. Mtoto wa mtu ataondokaje bila kuku?

Vyote vilitiwa katika sanduku la bati ambalo Joash alikwenda nalo Bukura. Navalayo alilipanga kama zamani: chini kabisa blanketi na sweta nzito aliyoifuma kwa mkono wake, juu yake mashati, na juu kabisa chakula.

Mumewe, Barasa, alisimama mlangoni akicheka.

"Mama Joash, huyu unampeleka shule ama unamwoza?"

"Wewe cheka tu. Njaa ikimshika huko, atamwendea nani?"

Jioni hiyo Jescah alikuja kumwona msafiri. Jescah alikuwa muuguzi na jirani yao. Alikuwa amesomea kazi yake Skotland miaka mitatu, na watu walimwita Sista. Aliliangalia sanduku, kisha akamwangalia Joash.

"Hebu linyanyue."

Joash alishika mpini. Sanduku liliinuka upande mmoja, likarudi chini kwa kishindo.

"Limekataa kwenda Ulaya," Barasa akasema.

Walilipeleka kwenye mizani ya mahindi. Lilikuwa na ratili tisini.

"Ndege inampa kila msafiri ratili arobaini na nne," Jescah akasema. "Zikizidi, atafungua sanduku palepale uwanjani na kuacha vitu. Na yule ingokho hatavuka. Nchi nyingi hazikubali nyama kutoka nje, kwa ajili ya magonjwa ya mifugo. Joash, wewe umesomea hayo."

Joash aliinamisha kichwa. "Nilijua, Sista. Lakini ni kuku wa mama."

Walianza kupakua. Walipofika chini, Jescah aliishika ile sweta.

"Mama Joash, mbona hii iko chini kabisa?"

"Si baridi ni mwezi wa saba? Yeye anaondoka Januari. Hata hapa jua linapasua midomo. Ataitoa wakati wake ukifika."

Jescah aliketi. "Dada yangu, baridi ya mwezi wa saba ni yetu. Kwao Januari ndiyo baridi yenyewe. Maji yanaganda mpaka watu wanatembea juu yake. Joto lao ni mwezi wa sita na wa saba."

Navalayo alidhani anataniwa. Alimtazama usoni, akaona hakuna mzaha.

"Na tena," Jescah akaendelea, "sanduku halikai na msafiri. Linawekwa tumboni mwa ndege. Mimi langu lilichelewa. Nilishuka Skotland na gauni jepesi, nikatetemeka hadi meno yakauma."

Navalayo alikunja sweta, akaiweka mapajani.

"Basi haendi."

"Mama!" Joash akasema.

"Nimesema haendi. Nilimtoa kaburini kwa mgongo wangu huu. Nimrudishe mwenyewe?"

Uani kuku walikuwa wakiingia kibandani. Jescah aliwatazama, akauliza kwa upole:

"Mama Joash, kuku akisikia baridi anafanyanga nini?"

"Anatutumua manyoya. Hata mtoto anajua."

"Kwa nini?"

Navalayo alifikiri. "Anaficha joto lake ndani."

"Ndivyo. Manyoya ni mengi na ni mepesi. Katikati yake kuna hewa, na mwili unaipasha joto. Binadamu vilevile. Nguo moja nzito haishindi nguo kadhaa nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine: fulana, shati, sweta nyembamba, hii nzito, kisha koti. Koti chuo kitampa. Kuku anayekufa kwa baridi ni yupi?"

"Aliyelowa."

"Basi miguu isilowe. Awe na soksi za kubadilisha. Nao kule huwasha moto ndani ya nyumba. Wenye vifua hafifu wapo, na wanaishi."

"Na Khartoum, ndege itakapotua?" Joash akauliza. "Wanasema kuna joto kali."

"Hapo unavua, unabaki na shati. Ndiyo faida yake. Sweta, kofia, glavu na soksi viwe katika mkoba wa mkononi, pamoja na pasi ya kusafiria na cheti cha chanjo. Sandukuni tia na mashati mawili mepesi ya miezi yao ya joto. Na badala ya bati, tafuta begi la turubai. Bati peke yake linakula ratili zako."

Navalayo aliigeuzageuza sweta. "Nyembamba sina. Na hizi zawadi? Nitawaambia nini watu?"

"Waambie ukweli," Barasa akasema. Safari hii hakucheka.

Jumapili, baada ya ibada, Navalayo aliwaeleza majirani. Mama Khisa alinuna kidogo.

"Kwa hiyo njugu zangu hazina pasi?"

Watu wakacheka, naye akacheka. Kisha akaenda nyumbani akarudi na kibonge cha uzi wa sufu uliobaki alipofuma. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Navalayo alifuma usiku na mchana. Ikatoka sweta nyembamba ya milia, kila mlia kwa uzi wa nyumba moja.

Siku ya kuagana walimla yule ingokho na njugu pamoja. Mzee Masinde alikalia kigoda chake mwenyewe. Baadaye wote walinyamaza, kama ilivyo desturi ya kanisa lao, kila mmoja akiomba moyoni. Begi lilipimwa: ratili arobaini. Joash akaondoka, mkoba begani.

Navalayo aliendelea kukama na kuomba. Mwezi wa tatu ilifika picha. Vijana wawili walisimama kwenye theluji. Joash alikuwa amevaa nguo juu ya nguo, amevimba.

"Tazama," Barasa akasema, "ingokho wako alivuka!"

Navalayo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaisogeza picha karibu na macho.

"Na huyu mwenye sweta yetu ya milia ni nani?"

Barasa aligeuza picha, akasoma: "Huyu ni Kipsang, mwenzangu wa safari. Sweta yake ilikuwa sandukuni, na sanduku lilipotea njiani. Nilimvika moja yangu. Kifua changu ni kizima, mama."

Joash angekuwa na nguo moja nzito tu, angeigawaje? Navalayo alimshukuru Mungu, akaingia ndani, akatoka na sindano na uzi.

"Unamfumia nani tena?" Barasa akauliza.

"Kipsang. Joash arudishiwe milia yake."

"Basi iwe nyepesi," Barasa akasema.