Mikono ya Mwalimu Elisante

Foleni ya kaunta pale uwanja wa ndege wa Dulles, Marekani, ilikuwa imejikunja mara tatu, na Elisante alipotua begi lake kwenye mizani, likalia vioo.

“Kaka, humu umebeba baa nzima?” aliuliza dada wa kaunta kwa Kiswahili, maana pasipoti alishaiona. Sare ya buluu ilimkaa sawasawa, skafu nyekundu shingoni, na kifuani beji iliyosema Violet.

“Mirija ya maabara, dada. Nafundisha kemia shule ya Kikristo hapa Springfield. Hii nawapelekea walimu wenzangu kule Same.”

“Izungushie mashati basi. Ikivunjika usije ukanililia mimi.”

Akamsaidia kuifunga, watu wa nyuma wakiguna. Elisante alirudi Agosti na pakiti ya korosho na ujasiri wa kuomba namba ya simu. Kufikia Krismasi walikuwa hawalali bila kupigiana, yeye akisahihisha mitihani, Violet akikaanga samaki kwake Herndon.

“Leo umewafundisha nini, profesa wangu?”

“Kwa nini chumvi inayeyuka.”

“Wakaelewa?”

“Wawili. Waliobaki wameniombea.”

Violet alicheka mpaka samaki wakaungua.

Kisha Mama Wambura, mama yake Violet, akaja kutoka Musoma kumtembelea bintiye. Baba mtu alikuwa ameshasema: hapokei washenga wa mtu yeyote mpaka mkewe amwone huyo mwalimu kwa macho yake. Lakini mara theluji, mara mitihani, siku zikayoyoma. Ikabaki Ijumaa moja tu, chakula cha jioni, kwani Jumamosi mama anapanda ndege.

“Wewe mwalimu,” mama alimwambia kwenye simu, “sura hainidanganyi mimi. Mtu namwangalia mikono.”

Wakacheka wote. Ila neno lile lilimkaa Elisante kichwani.

Alhamisi ilikuwa zamu ya wanafunzi kuona waya wa shaba ukiota fedha ndani ya maji yenye nitrati ya fedha, dawa inayotia ngozi weusi. Alikuwa amewasisitiza kuhusu glavu mpaka wanamwigiza sauti. Lakini shule ile kipindi hakianzi bila sala, na sala yao ni ya kushikana mikono. Wakavua glavu wote, na mwalimu pia. Christopher, aliyechelewa kama kawaida yake, akaja mbio kuingia kwenye duara na kugonga meza. Bika, gilasi ya maabara yenye dawa ile, likainama kuelekea usoni kwa msichana aliyefumba macho akisali. Elisante akalidaka kwa mikono mitupu, dawa ikammwagikia viganjani.

Hakuna aliyeumia. Akanawa, akaendelea kufundisha, moyoni anamshukuru Mungu. Asubuhi ya Ijumaa akaamka viganja na vidole vina mabaka meusi, kama mtu aliyeshinda anapaka lami. Sabuni, ndimu, jiwe la kusugulia miguu, wapi! Na yeye alijua fika kwamba haitoki. Aliomba ruhusa kazini, akaketi kitandani akiitazama ile mikono. Mtu namwangalia mikono. Akashika simu.

“Mpenzi, nimeshikwa na mafua makali. Naogopa kumwambukiza mama.”

“Pole, laazizi. Pumzika,” Violet alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma tupu. Hapo ndipo Elisante angesema ukweli. Hakusema.

Saa kumi jioni mlango ukagongwa. Violet amesimama pale, gauni la kitenge alilolishona kwa ajili ya chakula cha usiku ule, na sufuria ya supu mikononi imefungwa kwa taulo.

Elisante akaingiza mikono mifukoni haraka.

“Mbona mzima?” Violet alimtazama juu mpaka chini. “Haya, pokea, inaniunguza.”

Hakupokea. Jamani, yule mtu hakupokea! Alisimama kama gogo, mikono imezama mfukoni.

“Elisante. Pokea.”

“Violet, mimi...”

“Kama hutaki kumwona mama yangu, ungesema tu.”

Akaiweka sufuria chini kizingitini na kuondoka. Usiku kucha Elisante alipiga simu ikikatwa.

Jumamosi alifika Dulles mapema kuliko abiria. Alipowaona wakisukuma mizigo, aliwaendea akiwa ametanguliza mikono yote miwili.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba.” Mama Wambura aliishika, akaigeuza. “Umeungua?”

“Ni dawa ya maabara, mama. Nilidaka bika lisimwagikie mtoto. Tulikuwa tumevua glavu, tunasali. Jana nikaona aibu uione hivi.”

Violet alitazama ile mikono, akaziba mdomo kwa kiganja. Mama akalamba kidole gumba, akasugua baka moja kama anayemfuta mtoto uji.

“Haitoki.”

“Mpaka ngozi yenyewe ibadilike, mama.”

“Haya. Mikono nimeiona, baba yake nitamwambia ni mikono mizuri.” Akamwachia. “Lakini ulimwacha mwanangu mlangoni ameshika sufuria ya moto. Hilo sitalisimulia nyumbani. Malizaneni wenyewe.”

Akamkumbatia binti yake kwa muda mrefu, akaingia kwenye ukaguzi bila kugeuka nyuma.

Wakabaki wawili, watu wakiwapita na masanduku.

“Ningekucheka,” Violet alisema taratibu. “Ningecheka sana, Elisante, halafu ningekupaka mafuta. Ulidhani ningefanya nini kingine?”

“Niliogopa. Nisamehe.”

“Mabaka hayajaniuma. Umenificha, hilo ndilo limeniuma.”

“Najua. Sitakuficha tena. Nataka kutuma washenga Musoma, Violet, kama bado unanitaka.”

Violet alikwenda kwenye kibanda cha chai, akarudi na kikombe kimoja cha karatasi, chai inatoa moshi, hakina hata kifuniko. Akamnyooshea.

“Shika.”

Akakipokea kwa mikono yote miwili, mabaka nje, watu wote wanaona. Kiliunguza, hakukitua.

“Washenga wako,” Violet alisema, machozi na kicheko vikimjia pamoja, “uwaambie baba hapendi watu wanaochelewa.”