Sauti ya Babu Ndani ya Gemu

Kila asubuhi fundi kompyuta alifungua duka, akafagia, kisha akawasha gemu ya mpira kwenye skrini iliyotazama barabara. Bao likiingia, sauti ya mzee ilipasuka: "Kaokote, kipa! Kaokote, baba!" Wapita njia walicheka, wakaingia.

Sauti ile ilikuwa ya baba yake mzazi, marehemu. Mzee alipenda mpira mpaka basi. Alipougua, mjukuu wake, binti wa dada yake fundi, alikaa naye kitandani wakitazama mechi, huku akimrekodi. Baadaye aliitia sauti hiyo ndani ya gemu, pamoja na jezi na uwanja alivyobuni mwenyewe. Nyongeza kama hiyo wachezaji huiita modi. Aliiweka mtandaoni watu waichukue bure. Mwanzoni mwa modi aliandika jina lake, na maneno haya: "Hii ni sauti ya babu yangu. Isiuzwe."

Fundi aliyafuta maneno yale na jina pia. Akaweka jina la duka lake, akanakili modi kwenye flashi, akauza. Zilinunuliwa kama njugu.

Siku moja mpwa wake akaingia, macho mekundu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona umenuna?"

"Kampuni yenye gemu imeniandikia. Wanasema modi yangu inauzwa kwa jina la duka lako, niiondoe mtandaoni. Mjomba, mimi sijauza hata moja!"

Fundi akajikuna kisogo. "Lakini yule ni baba yangu wa kunizaa. Sasa nimemwibia nani?"

Jirani yao, mama wakili, alikuwa ameketi akisubiri kompyuta yake.

"Samahani naingilia," alisema. "Fundi, gemu ni mali ya kampuni. Masharti yake uliyasoma?"

"Nani anasoma yale, wakili? Si unabonyeza tu 'nakubali'?"

"Basi ulikubali. Kampuni hii inaruhusu modi za bure tu. Nyingine huruhusu kuuza, nyingine hazitaki modi kabisa. Ndiyo maana tunasoma, au tunauliza. Halafu modi nayo ina mwenyewe. Aliyehangaika kuitengeneza ni huyu binti. Kuuza kazi yake bila ruhusa ni kosa. Na kulifuta jina lake, hapo hata sheria tuiweke kando. Ungefanyiwa wewe?"

"Ningejua..." fundi alianza.

"Ulijua, mjomba," mpwa wake alisema polepole. "Niliandika isiuzwe. Uliyasoma ndipo ukayafuta."

Fundi akanywea. Aibu ilimshika, akakosa pa kutazama.

Aliacha kuuza siku ileile. Aliwatafuta wateja, akawarudishia pesa zao na kuwaomba waifute ile modi. Alifuta nakala zote za dukani, hata ile ya kwenye simu yake, kwa sababu alikuwa amemwahidi mpwa wake kufuta zote. Mama wakili akawasaidia kuiandikia kampuni na kuomba radhi. Kampuni ikakubali modi irudi, iwe bure, na yenye jina la aliyeitengeneza.

Siku hizi fundi hutoza kazi ya mikono yake tu. Mteja akitaka modi, wanasoma masharti pamoja kwanza. Watu wanamwamini, na duka halikosi kazi.

Modi iliporudi, mpwa wake mwenyewe aliileta. Jina lake likatokea kwenye skrini, kubwa. Fundi akalitazama kwa furaha, akashika vidude vya kuchezea. Alikuwa na hamu ya kumsikia mzee. Akapiga chenga, akapiga shuti. Bao!

Mashabiki wa kwenye gemu walishangilia. Kisha kimya.

"Mbona mzee hasemi?" fundi aliuliza.

"Nimemtoa, mjomba. Nimeacha jezi na uwanja tu. Sauti yake ninayo nyumbani."

"Naweza kuja kumsikiliza?"

Binti aliinamisha kichwa. "Utakuja. Lakini si sasa. Bado inaniuma."

Akaaga, akaondoka. Fundi akaendelea kucheza peke yake. Bao jingine likaingia.

"Kaokote, kipa," alisema kwa sauti ndogo. Hakufanana na baba yake hata kidogo.