Kiatu Nyuma ya Ndege wa Buluu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya kondoo Leanne alipobandika birika la pili. Mvuke ndio hulainisha karatasi za ukutani. Ukileta ubabe, zinararuka. Kesho mkaguzi wa majumba ya kale angefika kutoka Hobart. Akiikuta karatasi ya kwanza kabisa ikiwa nzima, nyumba haibomolewi. La sivyo, shangazi Edie angepelekwa kwenye makao ya wazee, yeye ambaye tangu utoto hajalala nje ya kuta hizi.

"Shangazi, hivi hata harusi ya baba hukwenda?"

"Nilikuwa na mafua. Acha umbea, ukuta unapoa." Kisha akashusha sauti. "Upande wa dohani usiuguse."

Karatasi ya maua ilibanduka. Chini yake milia, kisha magazeti yaliyokauka. Halafu wakatokea ndege wa buluu wa karatasi ya kwanza, wazima, na Leanne akakaribia kulia kwa furaha.

Ila kando ya dohani ya kutolea moshi palikuwa na uvimbe. Mkaguzi angeuona. Akapitisha kisu kwenye maungio, akaingiza mkono...

Kiatu.

Cha mtoto, cha ngozi, cha mguu wa kushoto. Leanne aliwahi kusikia kwamba watu wa zamani walificha kiatu ukutani, ili kiovu kinachoshuka dohanini kishike kiatu, kimwache mwenyewe. Alicheka siku ile. Sasa alipaka gundi haraka na kulaza karatasi ikawa tambarare.

Harufu ya masizi mabichi ikajaa chumbani.

"Umekitoa," mtu alinong'ona.

Shangazi Edie alikuwa amesimama mlangoni.

"Cha nani?"

"Changu. Niliugua, mama akakitia humo. Nikapona... lakini kila nikifika getini, mguu unagoma."

Akakichukua, akakikumbatia, akavaa koti.

"Shangazi, nje kuna baridi!"

"Ngoja nikaijue."

Akavuka geti. Hakugeuka nyuma.

Leanne alikimbilia mlangoni kuvaa buti amfuate. Akapapasa gizani. Buti lilikuwa moja tu, la kulia.

Nyuma yake... kwaruu... kwaruu...

Uvimbe ulikuwa umerudi, mkubwa kuliko wa kwanza. Karatasi haikuwa na hata mkwaruzo.

Asubuhi mkaguzi, Bwana Dugald, alipiga picha huku akitabasamu. Simu ililia. Ni shangazi: alipata lifti usiku, sasa yuko Hobart bandarini, anakula samaki wa kukaanga na kucheka kama msichana. Leanne alimfurahia kwa moyo wote, huku akiutazama uvimbe.

"Hongera," alisema Dugald. "Nyumba imepona. Ukuta huu sasa hauguswi na mtu, milele. Hata hicho kivimbe kiacheni."

Leanne akamsindikiza hadi getini. Dugald akafungua mlango wa gari.

"Twende mjini, nikununulie chai."

Leanne alijaribu kuinua mguu wa kushoto. Ukabaki palepale, baridi kama jiwe.

"Asante," akasema. "Nina mafua."