Beseni la Mzee

Shati la Mzee lilirudi kufuliwa likiwa safi. Nchi nzima ilimwona jana yake akiwa amelivaa, amesimama juani kwa saa tatu akieleza kwa nini lazima aongoze muhula mwingine, na bado kola haikuwa na hata mstari wa uchafu. Makwapa yalikuwa makavu. Dobi alilinusa, kama alivyozoea kunusa kila kitu kabla ya kuloweka, akasikia harufu ya nywele zilizoungua.

Alishangaa kidogo, kisha akalitia kwenye beseni lake. Mambo ya watu hayakumsumbua sana dobi huyu. Miaka kumi na miwili ya kufua nguo za Ikulu ilimfundisha yupi kati ya mawaziri ana nyumba ndogo na yupi anazo mbili, yupi anatapika kila Ijumaa na yupi hutokwa na jasho la woga akiitwa kikaoni. Yote hayo aliyajua, na mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa gundi.

Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake, na shangazi alimwachia sharti moja tu. Nguo za Mzee zina beseni lake la bati, maji yake na kamba yake. Zisiguse nguo ya mtu mwingine, na maji yake yakamwagwe kwenye shimo la peke yake nyuma ya jengo. Dobi alipouliza kwa nini, shangazi alimjibu kwamba wakubwa wana mambo yao, yeye afue. Akafua.

Kulikuwa na furushi jingine pia, lililokuja kila asubuhi kutoka ghala la chini, mahali ambapo hapakuwa na mahindi wala mchele. Zilikuwa sare za walinzi na mataulo. Damu hutolewa kwa maji baridi na chumvi. Ukiitia maji ya moto inaganda na kuwa ya kudumu. Dobi alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote mjini. Tusimpambe: alijua pia ile damu ni ya akina nani. Alikula mshahara wake, akamsomesha binti yake, akanyamaza.

Binti yake wa pekee alikuwa muuguzi, na hakurithi mdomo wa baba yake. Alikwenda redioni akasema fedha za dawa zimejenga nyumba ya waziri wa afya, na maiti zinazoletwa hospitali na gari la serikali hazikuuawa kwa risasi. Makoo yao, alisema, yamenyofolewa. Siku mbili baadaye walimchukua wodini, mchana kweupe, akiwa ameshika sindano, mbele ya wagonjwa waliojifunika mashuka hadi kichwani.

Dobi alimwendea mkuu wa walinzi, mtu aliyeitwa Kimya kwa sababu hakuwahi kupandisha sauti. Alipiga magoti. Kimya alimwinua kwa adabu kabisa, akamkung'uta vumbi magotini.

"Rudi kafue," alimnong'oneza. "Ukilia hapa, wataniuliza wewe unalia nini."

Alirudi, akafua siku tatu bila kulala, na siku ya nne ikawa ya kuapishwa Mzee. Ukumbi ulijaa mawaziri na majaji. Nje ya ukuta watu waliosombwa kwa malori walikuwa wakiimba. Karibu na adhuhuri furushi la ghala la chini likaletwa, na dobi alipolifungua akakuta ndani yake kitambaa cha kichwa cha binti yake, cha buluu chenye vidoadoa vyeupe. Upindo wake alikuwa ameushona mwenyewe. Nusu yake ilikuwa imelowa damu, na damu ilikuwa mbichi.

Damu mbichi maana yake bado anavuja, na anayevuja yu hai. Akawaza kwamba mtoto akitoka atakitaka kitambaa chake, na hii damu ikikauka haitatoka tena. Wazo la kipumbavu, lakini ndilo lililomjia. Alikimbilia bomba, bomba likakohoa hewa tupu, kwa sababu maji yote yalikuwa yamevutwa jikoni kwa wageni. Mle ndani palikuwa na maji baridi mahali pamoja tu, kwenye beseni la bati, na shati la Mzee la jana lilikuwa limelowekwa humo. Mkono wa mfuaji ulikwenda wenyewe. Alikidumbukiza kitambaa, akakifikicha mara mbili, ndipo akakumbuka.

Beseni lilianza kugongwa kwa chini.

Lilikuwa juu ya sakafu ya saruji na hapakuwa na kitu chini yake, lakini liligongwa, polepole, kama anayebisha hodi kwa heshima, kisha kwa haraka, kisha kwa fujo, na maji yakapata joto mkononi mwake huku ile harufu ya nywele zilizoungua ikipanda na kujaa chumba kizima mpaka machozi yakamtoka, na alipojaribu kuutoa mkono akahisi kuna pua, pua yenye unyevu, inamnusa kiganja, inapanda kwenye vidole, inarudi kwenye kitambaa na kuvuta harufu yake kwa uchu. Kisha beseni likapinduka lenyewe. Maji hayakutawanyika. Yalitoka mlangoni kwa mstari mmoja, yakaacha alama za nyayo ndefu zisizo na visigino, zikielekea ngazi za ghala la chini.

Huko ukumbini mtu alipiga yowe. Dirisha la chumba cha kufulia lilitazama ukumbi huo, na dobi akamwona Mzee amesimama na mkono juu ya katiba, akitokwa na jasho. Lilimchuruzika usoni, likajaa viatuni, likamwagika juu ya zulia, jasho la miaka thelathini na moja likidai kutoka siku moja. Mawaziri walirudi nyuma wakikunja suruali zao. Jasho lilipokwisha ikafuata damu, kwenye kucha, kwenye masikio, kwenye pembe za macho. Ngozi ya uso ikalegea ikateleza kama soksi, na Mzee akafungua mdomo kumwita Kimya, lakini badala ya sauti yakatoka meno, moja moja, yakilia juu ya sakafu. Alipoanguka hakuwa na uzito wa kutikisa hata glasi ya maji.

Dobi hakungoja. Alizifuata zile nyayo.

Ngazini alikutana na mlinzi anayepanda kwa mikono, miguu ikiwa imebaki nyuma. Chini taa zilikuwa zikiwaka na kuzima, na kila zilipowaka aliona kitu ambacho hakutaka kukiona: mlinzi amebandikwa ukutani kwa mbavu zake mwenyewe, mwingine ameketi vizuri kabisa na kichwa chake kikiwa mapajani, wa tatu akijitia vidole machoni na kucheka huku akiomba asamehewe, na katikati ya hayo yote ilisikika sauti ya kulamba, ya taratibu, ya mnyama mwenye kiu aliyefika mtoni. Wafungwa walikuwa wamebanana nyuma ya vyuma, wazima, wamefumba macho. Binti yake alisimama katikati ya chumba. Kamba alizofungwa zilikuwa chini. Majeraha yake yalikuwa yamefumba.

"Baba, usije karibu," alisema. "Bado linakula."

Saa moja baadaye binti alipanda juu, pekupeku, akiacha alama nyekundu kwenye marumaru. Askari waliomwelekezea bunduki walizigeuza wakapigana risasi wao kwa wao, waliobaki wakazitupa chini. Jaji mkuu alikuwa mtu mwepesi wa kusoma upepo. Aliiokota katiba, akaifuta damu kwa joho lake, akamwapisha muuguzi palepale. Kimya alisimama kando akipiga makofi yasiyo na kelele. Na watu waliosombwa kwa malori walipomwona wakamtambua kuwa yule wa redioni, wakaimba safari hii kwa hiari yao. Wafungwa sabini na mmoja walitolewa mchana ule. Dobi alilia kwa furaha, na nani angemlaumu.

Shangazi yake hakulia. Alikuja jioni kwa mkongojo wake, akafunga mlango wa chumba cha kufulia, akamuuliza alichofanya. Alipoambiwa, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Ndipo akamweleza. Jini lile lililetwa na Mzee mwenyewe mwaka aliotwaa nchi, na kaka yake wa tumbo moja ndiye aliyekuwa mlo wa kwanza. Halina macho ya kumjua mtu. Humjua kwa harufu ya jasho lake na damu yake iliyo nguoni, hata pua ya mtu isipoisikia, ndiyo maana nguo zake hazikuchanganywa na za wengine. Likipewa maji yenye harufu ya watu wawili, humwacha aliyechakaa likamfuata aliye mbichi. Lakini ukiichukua nguo ya aliyekaliwa ukaifua mtoni, kwenye maji yanayokwenda, harufu huondoka na maji na jini hupotea nayo, lisijue pa kurudi.

"Na aliyekaliwa?" dobi aliuliza.

"Hulipa alichokula nalo. Mzee ulimwona. Huyu ana siku moja tu, atatapika, ataumwa, nadhani atapona. Kijito kiko nyuma ya ukuta, mwanangu. Chukua kile kitambaa twende sasa hivi."

Nadhani. Dobi alilirudia neno hilo. Mtoto alikuwa ametoka kaburini mchana uleule, na shangazi alitaka wamjaribu kwa kudhani. Akasema wangoje hadi asubuhi.

Asubuhi dawa zilifika hospitali. Nani angekwenda kufua kitambaa siku hiyo? Wiki ileile Kimya alikutwa bafuni, amefungwa ulimi wake mwenyewe shingoni, na mji mzima ukachinja mbuzi. Waziri wa afya alipatikana ndani ya nyumba yake mpya, kila chumba kikiwa na kipande chake. Watu wakasema amekoma. Dobi naye alisema hivyo. Huyu wetu ni tofauti, aliwaambia wapishi, anakula wabaya tu, na wapishi wakaitikia, hasa kwa kuwa alikuwa baba yake.

Mwezi wa tatu tangu kiapo, mtangazaji wa redio, yuleyule aliyempa binti kipaza sauti, aliuliza hewani uchaguzi utakuwa lini. Asubuhi iliyofuata kukaja furushi kutoka ghala la chini. Dobi aliliangalia kwa muda, kisha akaenda kutafuta chumvi.

Shangazi alifika siku ileile akasimama getini akipiga kelele kwamba apewe kitambaa, atakifua mwenyewe, na kwamba kila siku inayopita inamuua mtoto. Dobi alimwomba atulie. Hakutulia. Dobi akamwambia mlinzi wa getini, kwa upole, kwamba bibi huyu amechoka na asiruhusiwe kuingia tena. Hakusema zaidi ya hapo, lakini walinzi wa nyumba ile walizoea kuelewa zaidi ya walichoambiwa. Siku ya tatu ndani ya furushi alikuta khanga anayoijua. Aliipeleka puani, akaishusha, akamwita shangazi kwa jina ambalo hakuwa amelitumia tangu utotoni. Kisha akaifua. Aliifikicha kwa nguvu hata maji yakamrukia hadi kifuani.

Binti alimkuta hapo. Aliingia peke yake, mchana, jua limejaa dirishani, akaegemea ukuta kwa uchovu. Macho yalikuwa yake. Ilikuwa karibu miezi mitatu tangu dobi ayaone.

"Baba, limeshiba, limelala," alisema kwa sauti ndogo. "Halitalala muda mrefu. Twende kijitoni, unifulie."

Dobi alimtazama. Alihesabu kichwani, bila kutaka, wote waliokuwa wamepita kwenye beseni tangu siku ya kiapo, akafikiria jinsi Mzee alivyoteleza kwenye ngozi yake, na meno yalivyolia juu ya sakafu.

"Utakufa," alisema.

"Najua."

"Mwanangu, una miaka ishirini na sita."

"Na shangazi yako alikuwa na sabini na tisa, Baba. Nilimsikia kila alichosema. Nilikuwa humo ndani, nasikia yote, na siwezi kufumba masikio." Alimshika mkono uliolowa akauweka shavuni mwake. "Huwezi kuogopa kuliko mimi. Chukua kitambaa."

Kitambaa kilikuwa mfukoni mwa dobi, kama siku zote. Kijito kilisikika kikipita nyuma ya ukuta, hatua arobaini, pengine hamsini. Alimpangusa mtoto machozi kwa kidole gumba. Alimpenda kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote duniani, kuliko wote waliokuwa wamebanana kule chini wakati huo, kuliko mama zao waliopanga foleni nje ya geti.

"Kesho," alisema. "Kesho asubuhi na mapema, mwanangu. Leo pumzika."

Binti alimtazama kwa namna ambayo baba hapaswi kutazamwa. Polepole kichwa kikamwinamia kifuani, shavu likawa la baridi chini ya mkono wa baba yake, na alipokiinua tena alikuwa anatabasamu.

"Umefanya vizuri, dobi," alisema, akanyoosha gauni lake, akatoka kwenda kuwapokea wageni.