Waya za Ngendo na Nyama ya Bega

Kihara wa Tetu alikuwa fundi wa nyua za waya. Asubuhi alikamua ng'ombe, akaomba pamoja na mkewe Wamucii, akanywa chai, kisha akaenda kazini na koleo mfukoni. Waya iliyolegea ilimnyima raha, hata kama ni ya shamba la mtu mwingine.

Binti yao Ngendo, mwalimu wa nasari, alipowekewa waya za kunyoosha meno huko Nyeri mjini, Kihara alimfungua mdomo na kuzikagua jinsi mtu anavyokagua ng'ombe sokoni. Akasema huyo daktari anaijua kazi.

Taabu ilianza wiki ya ngurario. Hiyo ndiyo siku kijana hukata bega la mbuzi aliyechomwa na kumlisha msichana mbele ya wazee wa pande zote mbili. Akila, ni mke. Kijana alikuwa Nderitu wa Naro Moru, na siku ilikuwa Jumamosi. Lakini Ngendo hakuwa ametazama kalenda vizuri. Jumatano ilikuwa siku yake ya kliniki, na daktari alikaza waya.

Kufika Alhamisi, githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, aliiangalia tu. Meno yote yalimuuma, na ncha moja ya waya ilikuwa inamkwaruza shavuni. Wamucii alimpaka pale mafuta ya kukamulia ng'ombe. Ngendo akatema na kusema yana ladha ya zizi.

Shangazi yake Watiri, dada ya Kihara, alikuwa amefika kusaidia mapishi. Alisema yeye ameona ngurario nyingi, na msichana akitema nyama ya bega, amemtema kijana. Watu wa Naro Moru watafunga safari warudi kwao na mbuzi wao. Ngendo akaanza kulia, na kulia nako kukamuumiza meno.

Kihara hakuweza kuvumilia. "Kaa hapa kwa jua," alimwambia. "Nilegeze kidogo tu. Hii ni kazi yangu."

Murugi, jirani yao, mama yake Moffat, alipokuja kuchukua maziwa aliwakuta hivyo. Ngendo yuko juu ya kigoda, mdomo wazi. Wamucii ameshika kioo, anamulika jua hadi kwa magego. Kihara anapangusa koleo kwa shati. Murugi alikuwa amefanya kazi miaka tisa katika kliniki ya meno, akimshikia daktari vyombo. Aliweka mtungi chini.

"Baba Ngendo, hapo unaweka ua wa nani?"

"Waya imekazwa sana, Mama Moffat. Nguzo zinalia."

"Sikiliza. Wewe ukikaza waya, unataka nguzo isimame pale pale. Daktari akikaza, anataka nguzo isogee. Huko kusogea ndiko kunauma. Ukilegeza, umeharibu kazi yake. Ukikata, kipande kinaweza kuingia kooni."

Kihara alitazama meno, akatazama koleo. Hakuwa amewahi kusikia ua wa namna hiyo.

"Na itauma mpaka lini?" Wamucii aliuliza.

Murugi alieleza kwamba siku mbili za kwanza ndizo kali, halafu uchungu hupungua, na kwa wengi huisha ndani ya wiki. Siku hizo mtu anakula vitu laini: uji, mukimo wa viazi vya kuponda, mayai, ndizi iliyoiva. Mahindi ya kuchoma na miwa, hapana, hata uchungu ukiisha, kwa sababu huvunja waya. Maji baridi hutuliza. Dawa ya maumivu iwe ile ya kawaida ambayo mwili wake unaikubali, kwa kipimo kilichoandikwa kwa pakiti. Mdomo ukikwaruzwa, asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, na meno aendelee kupiga mswaki polepole.

"Na ile nta mlipewa kliniki?" akauliza. "Kile kisanduku kidogo. Unapangusa waya ikauke, unabandika nta kidogo mahali panakwaruza."

Kihara alikohoa. "Ile kitu nyeupe? Nilipaka msumeno. Na ulikata vizuri sana."

Hata Ngendo alicheka, ameshika mashavu. Murugi akamwambia apigie kliniki simu mara moja kuhusu ile ncha. Mambo kama hayo hayangoji siku ya miadi. Ijumaa akaenda, ncha ikakatwa kwa dakika mbili, na akapewa nta nyingine. Kihara alimsindikiza, akasimama mlangoni akitazama koleo ndogo za daktari kwa wivu.

Jumamosi meno yalikuwa bado na uchungu kidogo, lakini usiku Ngendo alikuwa amelala vizuri. Wageni walikaa. Bega lililetwa. Nderitu alinoa kisu, akapima kipande kikubwa kama kiganja. Kihara akainama sikioni mwake.

"Kijana, kata kama punje ya mahindi."

Nderitu akakata punje. Ngendo akaitafuna polepole kwa upande, akameza. Shangazi Watiri aliuliza kwa sauti, kila mtu akasikia, kama huko Naro Moru watu ni wachoyo hivyo.

Nderitu akashika kisu tena. Alikata punje ya pili, akamlisha. Ya tatu. Ya kumi. Akapuliza ile iliyokuwa moto. Akina mama wa pande zote mbili walisogea karibu kutazama. Wazee walianza kutazama nyama ya mbuzi iliyobaki, njaa ikiwauma, lakini hakuna aliyethubutu kumharakisha. Ngendo alipotikisa kichwa kwamba ameshiba, bega lilikuwa limeisha nusu.

Shangazi Watiri alipangusa macho kwa leso. Mume wake, alisema, alimlisha kipande kimoja tu siku ya ngurario yao, na tangu hapo yeye Watiri amekuwa akijilisha mwenyewe.