Mtoto wa Jiwe

Ilianza na unga. Unga wenyewe kidogo, wa kujaza kiganja tu, umemwagika katikati ya meza ya jikoni alasiri, saa ile ambayo mgahawa unapumua: wateja wa mchana wamekwenda zao, wa jioni bado, masufuria yameoshwa na kufudikizwa. Mke wa mwenye mgahawa akaugusa kwa kidole. Ulikuwa wa moto.

"Nani amesaga?" aliuliza.

Wapishi wawili waliokuwa wamejinyoosha uani wakatazamana. Hakuna aliyesaga. Nani siku hizi asage kwa mkono, na mashine iko pale inasubiri kubonyezwa kitufe? Mama wa watu akaunusa ule unga, hakuitambua nafaka yake, akaufuta kwa kitambaa na kujisemea kwamba ni mambo ya mumewe na safari zake. Na kweli yalikuwa mambo ya mumewe, ila si kwa namna aliyodhani.

Mume huyo watu walimwita Bwana Safari. Kupika alijua, tusimnyime haki yake. Kila mwaka alibeba begi moja akaenda nchi za watu, na huko hakukaa hotelini. Aliingia majikoni, akachutama na akina mama, akajifunza wanavyokaanga na wanavyochachusha, kisha akarudi na kifaa kimoja cha ukumbusho. Ukuta wa mgahawa ulijaa: vinu, vikaango vya udongo, miko mirefu kama makasia, machujio ya nyasi, visu vya mipini ya pembe. Kila kifaa na hadithi yake. Wateja walikula kwa masikio kwanza, mdomo ukafuata.

Lakini kipenzi cha wote kilikuwa jiwe moja jeusi, refu kama mkono wa mtu kutoka kiwikoni, limelainika kama mkate. Alilishusha mbele ya wageni, akasagia viungo juu ya bamba la marumaru alilochongewa na fundi, huku akisimulia: "Hili nilipewa na bibi mmoja, mkono kwa mkono. Akaniambia, mwanangu, nenda nalo likalishe watu." Wako waliofuta machozi.

Uongo mtupu! Hakupewa.

Alifika kwa bibi yule akiwa hajiwezi, tumbo limemkamata njiani, hata jina lake halikumbuki vizuri. Bibi alikuwa akiishi peke yake, akiwasagia majirani nafaka na kupata riziki yake humo. Akamlaza kwenye kitanda chake, yeye akalala sakafuni karibu na mawe yake ya kusagia, akamnywesha uji mpaka roho ikarudi. Hawakuwa na lugha moja. Bwana Safari aliokota maneno ya jikoni tu: leta, koroga, onja, moto, bado, tosha. Yakawatosha. Bibi akamfundisha kusaga. Mawe yalikuwa mawili, moja kubwa la chini, limebonyea katikati kama paja la mtu aliyeketi, wanaume wawili hawaliinui. Na hilo dogo la juu. Bibi alilipapasa kubwa akasema, "Mama." Akalipapasa dogo akasema, "Mtoto." Kila jioni alimlaza mtoto kwenye paja la mama yake, akawafunika shuka.

Siku ya kuondoka, bibi alikwenda kisimani kumtekea mgeni maji ya njiani. Kule kisimani hakukawia, ila alikawia vya kutosha. Mgeni akalifunga lile dogo ndani ya shati, akalisokomeza begini, akaacha saa yake ya mkononi juu ya kitanda. Saa! Kwa mtu ambaye hakuwahi kuuliza ni saa ngapi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja akaponywa yeye, akamwacha mwenyeji mikono mitupu.

Alijua alichofanya. Mara nyingine asubuhi, sabuni usoni, aliliona lile jiwe la chini limebaki na paja tupu, akanawa haraka ili lisimrudie tena. Halafu jioni alisimulia tena kwamba alipewa, na lile paja tupu likafutika. Mtu akidanganya mara ya kwanza hutoka jasho. Akizoea hutoka tabasamu.

Sasa, Bwana Safari na mkewe walikuwa na binti mmoja, ametimiza miaka sita, wakimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa na maneno. Mbona chumvi haina harufu? Samaki anajuaje kama amelowa? Maswali mpaka unatamani kujificha kabatini. Kitu kimoja tu kilimnyamazisha, nacho ni giza. Kila akilazwa alisema vilevile: "Baba, acha mlango wazi kidogo." Na baba huacha.

Baada ya ule unga ukaja mlio. Kwaru... kwaru... Jiwe juu ya jiwe, polepole, alasiri hiyohiyo. Ukikimbilia jikoni, kimya, na harufu imebaki hewani, ile ya mawe yakigonganishwa, inakwaruza puani. Mpishi mmoja akaacha kazi, akisema anakwenda kumuuguza shangazi. Shangazi mwenyewe alikuwa mzima kama kigongo.

Kisha Chiriku akaanza kupunguza maneno. Alitoka shule, akaweka mkoba, akapotea mpaka jioni.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?" mama yake alimuuliza.

"Kwa mama."

"Mama gani? Si ndiye mimi!"

Mtoto akamtazama kwa adabu, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Mama yake akamshika kumnawisha mikono, akageuza viganja, akapiga ukelele. Vilikuwa na sugu, ngumu, za manjano, mikono ya mwanamke aliyesaga miaka arobaini.

"Baba Chiriku," alimnong'oneza mumewe usiku huo, "nyumba hii ina mtu."

"Acha hizo."

"Nakwambia ina mtu! Na anamtaka mwanangu."

Kesho yake Bwana Safari akajificha nyuma ya mlango wa jikoni. Jua lilikuwa kali, dirisha wazi, hakuna kona yenye kivuli, ndiyo maana alijipa moyo. Lakini alipochungulia akamwona binti yake amepiga magoti mbele ya lile bamba la marumaru, jiwe jeusi mikononi, anasukuma na kuvuta, anasukuma na kuvuta, macho hayapepesi, na nyuma yake hapakuwa na mtu, hapakuwa na kitu, ila vigae vya sakafu vilikuwa vikididimia kimoja kimoja na kupasuka, kama vile kitu kizito kisicho na kipimo kimejikokota kutoka mlangoni na sasa kinaketi, kinaketi taratibu, kinamvuta mtoto nyuma na kumpakata, na nywele za mtoto zikawa zinalala zenyewe, zinapapaswa kuelekea nyuma na mkono usioonekana, kwa upole, kwa upole ambao ulimtisha yule baba kuliko kama angeona mtu anamkaba.

Akataka kuita jina la binti yake. Badala yake akarudi kinyumenyume, akamkimbilia mkewe.

Mtaa wa nyuma palikuwa na mama mmoja fundi cherehani. Watu walimpelekea nguo na majini, vyote akavishughulikia kwa uso uleule. Mume na mke wakaenda na mtoto kibandani kwake. Fundi akamtazama Chiriku, akatazama viganja, akatoa pini mdomoni.

"Nyumbani mna kitu cha mtu," alisema. "Jiwe."

"Lipo," mke alijibu upesi. "Mume wangu alipewa zawadi safarini."

"Sikukuuliza wewe, bibi. Baba, ulipewa au ulichukua?"

"Nilipewa," alisema Bwana Safari.

Ile harufu ya mawe ikajaa kibandani. Chiriku akapiga chafya. Fundi akangoja, mguu wake umetulia juu ya kanyagio la cherehani.

"Nilichukua," akasema, akiinamisha kichwa. "Alikwenda kunitekea maji."

Mkewe aligeuka akamtazama. Hakupiga kelele, heri angepiga. "Nimewasimulia watu kwa mdomo wangu," alisema taratibu. "Wageni wote wale. Umenifanya mwizi mwenzio na mimi sijui."

"Jini mchezaji ningemtoa leo," alisema fundi. "Huyu si mchezaji. Ni mzazi anatafuta mwanawe, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nimfukuze nimwambie nini? Rudisha jiwe. Akipata wake atamwachia wako."

"Na asipopata?"

Fundi akarudisha pini zake mdomoni. "Nenda leo," alisema kupitia meno. "Usilale nalo."

Mngeenda, sivyo? Hata mimi ningekwenda, na miguu yangu mibovu hii. Lakini Jumamosi ile walikuwa wanakuja wageni wakubwa, wale wanaozunguka mji kwa mji wakichagua migahawa ya kusifiwa, na wote walikuwa wameomba kuliona jiwe. Bwana Safari akajiambia, siku nne si kitu. Nyumbani akasema: "Ndege imejaa mpaka Jumapili." Ndege haikujaa. Hata hakuuliza. Uongo huo ulimchoma hata alipokuwa anautamka, na bado akautamka.

Siku nne hizo mkewe alijifunga na mtoto, mtandio kiunoni mwake na kiunoni mwa mwanawe, wakakaa hivyo kila alasiri. Chiriku hakulia. Alitazama tu mlango wa jikoni.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Bwana Safari akashusha jiwe. Lilikuwa zito kuliko siku zote, na vuguvugu. Alitaka kunyamaza, Mungu shahidi, alitaka kusaga tu na kunyamaza. Lakini mgeni mmoja akasema, "Tusimulie basi ulivyolipata," na mdomo wake ukafunguka wenyewe, akasimulia jinsi bibi alivyomkumbatia na kumbariki, tamu kuliko alivyowahi kusimulia. Makofi yakapigwa. Na katikati ya makofi akasikia mbali, mbali sana, kitu kinakatika: pwa! Hakuna mgeni aliyegeuka. Kwenye kona, Chiriku, amefungwa mtandio pamoja na mama yake, akatabasamu.

"Anakuja," alisema.

Jumapili hapakuwa na mlio wala harufu. Bwana Safari karibu asiende. Lakini alimkuta mkewe amemfungia begi, limewekwa mlangoni, na mwenyewe hamtazami usoni. Akaenda.

Ndege, basi, kisha miguu. Kila hatua jiwe lilimgonga mgongoni naye alilipokea pigo kama haki yake. Njia nzima alitafuta maneno ya kumwambia bibi, na alipomkuta ameketi kizingitini, amepungua, amekuwa mdogo kama mtoto, ndipo akakumbuka kwamba jikoni hakufundishwa neno la kuomba radhi. Alilijua leta. Alilijua koroga. Akapiga magoti, akaweka begi mbele yake, akalia tu.

Bibi akamtambua. Akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, mikono ileile iliyomnywesha uji, akaweka mkono kifuani pake mwenyewe.

"Mimi," alisema, "tosha."

Amesamehewa! Bwana Safari akainua uso, machozi na kamasi pamoja. Lakini bibi alikuwa anatikisa kichwa. Akamvuta ndani. Pale mawe yalipokuwa pamebaki shimo. Kwenye mguu wa kitanda ilining'inia kamba nene, imekatika, na mguu wenyewe umekwanguka kwa miezi ya kuvutwa. Kutoka shimoni ulitoka mfereji uliolima sakafu, ukapita kizingitini, ukavuka uwanja, ukaelekea kule kule alikotokea yeye.

"Mama," alinong'ona bibi, akionyesha mfereji, "bado."

Bwana Safari alikimbia kupanda kilimani, begi mgongoni, akatafuta mtandao, akapiga simu nyumbani. Mkewe akapokea, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo hakuwa ameisikia muda mrefu.

"Kumbe umenisikia, mume wangu! Mbona hukusema umetuma na lile la chini? Tumelikuta mlangoni leo asubuhi, waliolileta sikuwaona. Nikasema, huyu sasa ametubu, ameamua kuyakutanisha kabisa."

"Chiriku yuko wapi?"

"Huyu hapa, analisugua. Amepona, baba Chiriku, amepona! Amekula, ametulia, hana hata swali moja leo. Mchana kaingia kulala akafunga mlango mwenyewe, na mapazia pia. Haogopi tena giza!"

Nyuma ya sauti ya mkewe alisikia kwaru, kwaru, polepole, na mtu anaimba kwa kuguna, sauti nzito isiyo ya mtoto.

Simu ikamshuka sikioni. Begini, mgongoni kwake, jiwe lilikuwa limeanza kujigeuza, joto kama mwili, na kutoka ndani ya shati alilolifungia ikatoka sauti ndogo ambayo aliijua kuliko sauti zote duniani.

"Baba," ilisema, "acha mlango wazi kidogo."